Binti yangu hataki tena kwenda Lighthouse

Shikamoo bibi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, mkaazi wa Tudor hapa Mombasa. Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini: kutwa kukimbizana na makaratasi, usiku kupigiwa simu na wenye mali. Siku ninayopumua ni Jumapili, na Jumapili yangu tangu utotoni ina mahali pamoja tu, Lighthouse, pale ufuoni Mama Ngina.

Marehemu baba alikuwa akitupeleka pale baada ya sala ya alasiri, kabla hapajajengwa kama palivyo leo. Tulikaa ukutani, tukala mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, tukatazama meli zikiingia Kilindini. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila pale alitutajia bendera za meli na nchi zilikotoka. Nilipooa na kupata wangu nikaendeleza. Walipokuwa wadogo ilikuwa raha tupu. Yule mkubwa alianza kunivuta mkono tangu saa nane mchana, "Baba twende, meli itatupita." Tukinunua mabuyu, achari ya embe, dafu moja wakaligombania.

Sasa huyo mkubwa ni binti wa miaka 12, yuko Gredi ya 7. Tangu Ramadhani ilipoisha hataki kwenda. Mwanzo ilikuwa tumbo linamuuma, kisha kazi za shule, na siku hizi hata kisingizio hatafuti: "Siendi." Nikimlazimisha anabaki garini vioo juu, na jaketi lake la kofia amelivaa, kwa joto hili letu. Mara moja alikubali kushuka. Tukakutana na dada yangu, akamshika bega, akasema kwa sauti watu wasikie, "Mashallah, huyu mwanamke mzima! Mtaletewa posa karibuni." Watu wakacheka, nami nikacheka. Yeye akarudi garini na hakunisemesha hadi siku ya pili. Usiku ule niliweka picha zetu kwenye stetasi ya WhatsApp kama kawaida yangu, na asubuhi nikamkuta analia nizifute. Picha nzuri tu, bibi, na amejistiri.

Wa pili ni kijana wa miaka 10. Huyo anataka mpira na kibanda cha gemu mtaani. Wa mwisho ana miaka 5, hana shida.

Nimejaribu ukali. Nilisema asiyekwenda Lighthouse hagusi simu wiki nzima. Binti alikwenda, akakaa amenipa mgongo mpaka magharibi. Mama yao hanisaidii. Nikimlalamikia ananijibu, "Waache. Kwani mimi na wewe hatuna miguu?" kisha anaendelea na shughuli zake.

La kusema kweli, wasipokwenda nami siendi, na nisipokwenda wiki nzima huwa mzito. Nimeanza kuwafokea watu kazini. Naona kile alichoniachia baba kinanifia mikononi. Nimkazanie binti mpaka azoee, au niache yaishe?

Baba wa watatu, Tudor

*

Marahaba mwanangu.

Usimkazanie. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa ndilo uliloliuliza, lakini barua yako ina mazito kuliko swali lenyewe, na yote umeyaandika kwa mkono wako.

Tuanze na dada yako. Umelieleza lile la posa kama kituko cha njiani, ukapita. Mimi nimesimama hapo. Mtoto wa miaka 12, mwili wake unabadilika hata bila ruhusa yake. Kwa wasichana mabadiliko haya huanza popote kati ya miaka 8 na 13, na hayaji kwa mpangilio: mmoja darasani ameshakuwa na kifua, jirani yake bado ni kitoto, na wote wawili wanaona haya. Sasa mtu mzima amshike bega mbele ya umati, atangaze kwamba mwili huo umeonekana na umeshafikiriwa mume. Kisha atazame uso wa babaye aone atasema nini, amkute babaye anacheka. Hapo ungelia hata wewe.

Lighthouse yenyewe nayo si ndogo katika jambo hili. Tangu ule ufuo wa Mama Ngina ulipofunguliwa upya mwaka 2019, sikukuu ya Mashujaa ikaadhimishwa pale pale, umati wa Jumapili umekuwa mkubwa kuliko ule uliokuwa ukiujua na baba yako. Ukipita hapo jioni unakutana na nusu ya Mombasa: mwalimu wa madrasa, binamu wa Kisauni, wavulana wa darasa lake wamekaa kwenye ngazi kazi yao kutazama wapitao. Alipokuwa na miaka 6 yeye ndiye aliyekuwa akitazama, meli, watu, mibuyu. Leo anajua kwamba anatazamwa. Mahali ni pale pale, ila anakwenda kufanya kazi nyingine kabisa, na ndiyo maana ya lile jaketi.

Kuna na jambo jingine ambalo wewe kama baba huenda hukulifikiria, na mama yake huenda amelifikiria akanyamaza. Je, binti ameshavunja ungo? Zamani hapa kwetu msichana alikuwa na somo wake, mwanamke aliyechaguliwa kumfunza mambo haya taratibu, faraghani, bila kumfedhehesha. Siku hizi mama anadhani mwalimu amesema, mwalimu anadhani mama amesema, na mtoto anaokota maneno kwa wenzake chooni. Msichana ambaye hedhi yake ndiyo inaanza, na ambayo miaka ya mwanzo huja bila tarehe, hawezi kukaa kwenye ukuta wa saruji kwa muda wa saa tatu mbele za watu huku akihesabu choo kiko mbali kiasi gani na foleni yake ni ndefu vipi. Lile tumbo la mwanzo lisikufanye uone ulidanganywa. Laweza kuwa lilikuwa tumbo kweli. Mwambie mkeo akae naye, au shangazi mwenye busara (si yule wa posa), wamweleze, na sodo ziwe kabatini na kwenye begi lake pasipo kuombwa. Wewe kazi yako hapo ni kutoa pesa na kutouliza maswali.

Lakini kabla hujaniamini mimi, hakikisha kitu kimoja. Mtoto anayekataa ghafla mahali alipopapenda, wakati mwingine anamkwepa mtu. Huenda ni kijana anayemfuata, muuzaji anayemtolea maneno, jamaa anayemsalimu kwa kumkumbatia kupita kiasi. Usimhoji kama askari. Muulize mkiwa wawili, tena mkiwa njiani mnakwenda kununua kitu: "Kuna mtu yeyote pale hupendi kukutana naye?" Kisha nyamaza, uache kimya kifanye kazi. Watoto wa rika hili huzungumza vizuri zaidi wakiwa ubavuni mwako, macho yenu yote yako barabarani, kuliko ukiwakalisha sebuleni na kuwakazia macho. Akikutajia mtu, jambo limetoka kwenye matembezi na kuingia kwenye ulinzi. Mwamini, usimwambie amekosea kuona. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hapa Kenya hupigwa bure, usiku na mchana, na hata mzazi anaweza kuipiga. Vilevile akiwa ameacha kila kitu, chakula, marafiki, shule, usingizi, na si Lighthouse peke yake, mpeleke kwa daktari. Kwa jinsi ulivyoniandikia sioni dalili hiyo, lakini wewe ndiye unayekaa naye.

Habari ya picha. Unasema ni nzuri na amejistiri. Sikatai. Ila stetasi yako inatazamwa na nani? Wenye mizigo, makarani wa bandarini, familia nzima, na bila shaka mama za wanafunzi wenzake. Uso ni wake. Kuanzia sasa muulize kabla ya kuweka, na akisema hapana iwe hapana bila kununa. Futa za zamani anazozitaja, kisha mwambie umefuta. Najua unajiona unaonyesha fahari ya ubaba, na ni fahari ya haki, lakini hiyo fahari ina mwenyewe anayevaa jaketi la kofia.

Na ile adhabu ya simu iondoe leo. Sisemi simu isiwe na mipaka, la, iwe nayo, na usiku isilale chumbani kwake. Nasema usiifunge na Lighthouse. Ulichomfundisha Jumapili ile ni kwamba bahari ni mahali pa kutumikia kifungo. Akifika miaka 30, mtu akimtajia ule ukuta, sidhani unataka akumbuke hilo.

Sasa tuje kwako, maana barua yako inakuhusu wewe zaidi ya inavyomhusu yeye.

Umeandika kwamba marehemu baba alikuwa mtu wa maneno machache, ila pale alizungumza. Soma tena sentensi hiyo. Mihogo inauzwa Mombasa nzima, na meli utaziona hata ukiwa kazini. Tena wewe unazishughulikia wiki yote na hazijakupa raha hata siku moja. Uliyempata pale ukutani alikuwa baba yako, ametulia, hana haraka, hana kazi, na yuko kwenu. Hicho ndicho alichowarithisha, na hicho hakikupigiliwa misumari kwenye Mama Ngina Drive. Kinaweza kukaa kwenye kiti cha plastiki popote.

Tena nina shaka kidogo na kumbukumbu yako, unisamehe. Kama mama yako yu hai, muulize: ulipokuwa na miaka 12 ulikuwa ukienda kwa hiari kila Jumapili? Hukuwahi kutoroka na wenzio kwenda kupiga mbizi au kucheza mpira? Sisi wazee tukishafiwa tunazipanga zile Jumapili zote zikawa nzuri. Nakisia na wewe ulinuna zako, na baba yako alikuacha, ndiyo maana hukumbuki.

Basi fanya hivi. Jumapili moja katika mwezi mwachie binti achague mahali. Mpe kiasi cha pesa kinachojulikana, umwambie hii ndiyo bajeti ya watu watano na petroli, panga wewe. Sharti liwe moja: tunakwenda sote, au angalau yeye na wewe. Asipoulizwa mbona na kwa nini, atachagua. Ujiandae, maana huenda akachagua duka kubwa la Nyali lenye kiyoyozi, ukanunue aiskrimu ya bei ya kilo mbili za mchele na ukae hapo huoni hata kipande cha bahari. Kaa. Usiseme "sisi enzi zetu". Kula aiskrimu yako.

Akikwama, mpendekezee mahali penye hewa na pasipo macho mengi. Jumba la Mtwana, ng'ambo ya Mtwapa, ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, una misikiti na makaburi, mibuyu mikubwa, na ufuo mbele yake. Ukipita pale asubuhi unaweza kutembea mji mzima bila ya kusalimiana na mtu. Msichana asiyetaka kuonekana atapapenda, na kama anapenda kuchora au kupiga picha (azipige yeye, safari hii) atakaa kutwa.

Au Haller Park pale Bamburi, ambayo itawafaa na wale wadogo. Wengi tunawapeleka watoto wakaone twiga na viboko, tukarudi. Ila mtoto wa miaka 12 ana akili ya kutaka kujua kitu kimetokeaje, na pale pana kisa. Lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya kiwanda cha saruji, jeupe, tupu, limekauka. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti ya namna nyingi, mingi ikafa, mivinje ikashika. Majani ya mivinje yakaanguka yakarundikana bila kuoza, hadi walipoletwa majongoo, hao hao tunaowakanyaga kila msimu wa mvua, wakayala na kuyasaga na udongo ukaanza kupatikana. Msitu wote ule una kazi ya majongoo ndani yake. Na ni pale pale alikoletwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyekwama baharini karibu na mlango wa mto Sabaki wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Alipofika akajishikiza kwa kobe mkubwa wa zaidi ya miaka 100 aitwaye Mzee, akawa hamwachi. Waulize wanao kwa nini wanadhani alimchagua kobe. Yule wa miaka 10 atakuwa na jibu, na atalitetea.

Na Lighthouse je? Usiifute, ibadilishe saa. Siku moja baada ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, mwambie binti: twende mimi na wewe tu, dakika arubaini, kisha tupitie mahamri. Saa hiyo wavulana wa darasa lake wamelala fofofo na dada yako hajaamka. Meli zinaingia vile vile. Umtajie zile bendera. Akikataa, mwambie sawa, kisha wiki nyingine umuulize tena kwa sauti ile ile, mara moja tu. Kivuko cha Likoni nacho mtu wa miguu halipi, mnaweza kuvuka na kurudi asubuhi mkaziona meli kutoka upande wa maji, jambo ambalo ukutani hamkulipata.

Kijana wa miaka 10 sina maneno mengi kwake. Hakukukataa, ana mpira, na mpira ni mzuri. Nenda kasimame pembeni ya uwanja umtazame, usimfundishe. Kibanda cha gemu ndicho cha kuchunguza: kina nani humo, wakubwa kwa umri gani, na pesa za kuchezea anapata wapi. Ukienda nao matembezi mruhusu aje na rafiki mmoja. Chakula kitaongezeka na malalamiko yatapungua.

Umesema wasipokwenda nawe huendi, na wiki inakuwa nzito, na unawafokea watu kazini. Kwa nini huendi? Nani alikukataza? Binti wa miaka 12 hawezi kubebeshwa kazi ya kumfurahisha babake kila Jumapili. Ni mzigo mzito, na watoto huuhisi hata usipotamkwa. Nenda kale mihogo yako. Ukirudi nyumbani umechangamka, unanukia chumvi na moshi, hilo litamvutia kuliko hotuba yoyote, na lisipomvutia utakuwa umepumzika.

Wala si lazima uende peke yako. Umenilalamikia kwamba mkeo hakusaidii, kisha ukaninukulia maneno yake: "Waache. Kwani mimi na wewe hatuna miguu?" Baba wa watatu, soma vizuri. Huyo mwanamke hakuwa akikupuuza. Alikuwa akikualika. Miaka yote hiyo mnakwenda Lighthouse, na nakisia yeye huwa anafuta pua, anashika viatu, anahesabu vichwa visianguke baharini. Huenda hajawahi kuila mihogo ile ikiwa moto. Jumapili hii watoto wakubwa wabaki kwa nyanya yao au kwa jirani mnayemwamini, yule wa miaka 5 mwende naye maana bado anataka na hakuna aliyemuuliza. Mnunulie mkeo dafu lake peke yake.

Na dada yako mpigie simu kabla ya hapo. Umpigie wewe, usimtume mkeo. Ni dada yako, na ukimtuma mkeo itageuka vita vya mawifi. Mwambie maneno ya posa kwa mtoto hutaki kuyasikia tena, hata kwa mzaha, hata kwenye harusi. Atasema siku hizi watu hawana utani. Mwambie ndiyo, hamna, kisha muulize habari za watoto wake.